Moli Ngapi, Baba?

Kwa msio na mtoto wa kidato cha tatu, mshukuruni Mungu kwa utulivu mlionao. Sisi tulio naye tumeingiliwa na kitu kinaitwa moli. Kilianza taratibu, kwenye mkeka, na kaunta buku moja. Sasa kimetanda nyumba nzima. Nikiomba chumvi mezani naulizwa gramu ngapi, na nikijibu narudishiwa jibu kwa moli. Juzi nimeambiwa kwamba nilichonyunyizia kwenye yai ni "nukta sifuri mbili," na aliyesema hayo hakucheka.

Tuwe wa haki: mambo yenyewe si mengi. Unapewa kitu kwa gramu. Unagawanya kwa uzito wa moli wa kitu hicho, ambao unaupata kwa kujumlisha namba za kwenye jedwali la elementi: sodiamu 23, klorini 35.5, chumvi inakuwa 58.5. Hapo umepata moli. Kisha unauangalia mlinganyo, na ole wako kama hujausawazisha, unauuliza moli moja ya hiki inadai moli ngapi za kile. Ukishajibiwa unageuka na moli zako, unarudi kwenye gramu. Umetoka gramu, umefika gramu, na katikati umetoka jasho.

Nilimuuliza binti yangu kwa nini wasipite njia ya mkato, gramu kwa gramu, wakalala mapema. Akanijibu bila kuinua macho: "Atomu hazipatani kwa uzito, Baba. Zinapatana kwa idadi." Gramu mbili za haidrojeni, akasema, zinatosheleza gramu 16 za oksijeni barabara, maji yakatoka, hakuna aliyebaki. Ukizileta gramu mbili kwa gramu mbili, haidrojeni nyingi itabaki inazurura haina pa kwenda. Nikanyamaza. Jibu lilikuwa zuri kuliko swali, na hiyo ni hali isiyompendeza mzazi yeyote.

Basi kama ni hayo tu, kelele ni za nini? Ni za mazoezi. Watoto hawa wanapigishwa msuli wa moli mpaka maana inatoka mbio. Wamepewa pembetatu ya herufi tatu: uzito juu, moli na uzito wa moli chini. Unachokitafuta unakifunika kwa kidole, na vilivyobaki vinakuambia ugawe au uzidishe. Nimemwona binti yangu akifunika na kufunua ukurasa mzima huku kafunga spika za masikioni, kichwa kinacheza. Kidole ndicho kilichokuwa kinasoma kemia. Yeye alikuwa kwenye muziki.

Ticha wao wa tuisheni kawaambia kwamba moli ni kama dazeni, tofauti ni idadi tu. Ndiyo, tofauti ni idadi tu. Dazeni ya vikombe naibeba mkononi, na mwenye duka akinipunja kimoja nitamrudia kabla ya jioni. Moli ni vitu 602,200,000,000,000,000,000,000, na hapo nimezima mkia wake. Sensa ya mwaka 2022 ilitukuta Watanzania 61,741,120. Tuseme wote, vichanga kwa vikongwe, tuache kazi zetu, tukae chini kuhesabu chembe moja kila sekunde, hakuna kula, hakuna kulala, hakuna kwenda msibani. Tutamaliza baada ya miaka zaidi ya milioni 300. Na tukishamaliza tutakuwa tumehesabu molekuli za maji ya gramu 18, yaani funda moja, ambalo mwenye kiu halimfikishi popote. Hiyo ndiyo dazeni ya ticha.

Nambari hiyo imebandikwa jina la Amedeo Avogadro, Muitaliano wa Turin, na nilipoipitia habari yake nikamwonea huruma. Jamaa alikuwa mwanasheria. Akaiacha sheria, kazi ya suti na heshima, akaenda kuhangaika na gesi. Mwaka 1811 akaandika kwamba gesi zozote mbili zenye ujazo sawa, joto sawa na kanieneo sawa zina idadi sawa ya molekuli. Wakubwa wa kemia wakampita kama hawajamwona. Akafa mwaka 1856. Mwaka 1860 wanakemia wakakutana Karlsruhe, Ujerumani, wakigombana namna ya kupanga uzito wa atomu, ndipo Muitaliano mwenzake, Stanislao Cannizzaro, akasimama kulitetea wazo la marehemu. Nambari yenyewe mwenye jina hakupata kuijua. Ni Mfaransa Jean Perrin, mwaka 1909, aliyependekeza iitwe ya Avogadro. Mtu kateswa na watu wazima maisha yake yote, na baada ya kufa anachukiwa na watoto.

Nikaona hapo pana fundisho la kumpa binti yangu, kwa kuwa naye anasema atasoma sheria. Nikamwambia, unamwona huyo? Alipita huko huko kwenye sheria.

"Yeye alitoka sheria akaenda kemia," akasema. "Mimi natoka kemia naenda sheria. Tutapishana njiani."

Halafu kuna gesi. Mtoto akikutana na gesi kwenye swali anaambiwa moli moja ina ujazo wa desimita za ujazo 22.4. Desimita ya ujazo ni lita, hii hii ya mafuta ya kula, lakini ukiandika lita nadhani unaonekana umetokea sokoni. Masharti yake ni joto la sifuri sentigredi na kanieneo ya angahewa moja, ile ya usawa wa bahari. Sasa nitafutieni mahali hapo katika Tanzania hii. Huku Dar kanieneo tunayo, sifuri hatuna. Hata Julai usiku hatuna. Sifuri ipo kileleni Kibo, mita 5,895, lakini ukifika huko kanieneo imebaki kama nusu na moli yako imevimba karibu maradufu. Yaani joto lipo mlimani, kanieneo ipo ufukweni, na mtoto yupo Tabata anaambiwa avichukulie vyote viwili kwa pamoja kuwa ndiyo hali ya kawaida. Kawaida ya nani?

Kwa nyuzi 30 zetu hizi moli ya gesi inachukua kama lita 24.9. Wakenya wana ile 24 ya joto la chumbani, ambayo angalau inaikaribia Mombasa. Na wakubwa wa kemia duniani, wale wa IUPAC, walishaibadilisha kanieneo ya kawaida tangu mwaka 1982 ikawa kilopaskali 100, na ujazo ukasogea kuwa 22.7. Kaunta buku ya binti yangu haijapata taarifa. Haijapata pia taarifa kwamba tangu tarehe 20 Mei 2019 moli imefungwa rasmi kuwa 6.02214076 × 10²³, kamili, na si tena idadi ya atomu zilizomo kwenye gramu 12 za kaboni-12. Sisemi kitu. Najua posta zetu.

Lakini kinachonichoma hasa ni utajiri uliomo ndani ya maswali yale. Kila jioni nasomewa habari za mtu asiyejulikana ambaye ametumbukiza kitu kwenye "asidi ya haidrokloriki ya ziada." Marumaru gramu 25, asidi ya ziada. Zinki gramu 13, asidi ya ziada. Magnesiamu, asidi ya ziada. Haijatokea siku asidi ikapungua, wala mtu kutumwa kwenda kuazima shule ya jirani. Na huyu anayeyafanya maswali hayo anasoma kwenye shule ambayo bureti inashikwa kwa zamu, na wengine zamu yao inafika wakati wa kuiosha. Kilichopo kwa ziada pale ni wanafunzi. Cha pili ni michango.

Maswali ya kitu kinachoisha kwanza yapo, sikatai. Yamewekwa mwisho wa mada, mahali ambapo ticha hufika kengele ikiwa imeshagonga. Ndiyo maana watoto wanayaogopa. Mimi nashangaa, kwa sababu humu ndani hatuna ujuzi mwingine zaidi ya huo. Mama watoto kemia aliiachia kidato cha pili, lakini muulize tarehe 20 ya mwezi wowote: kati ya mchele, mafuta, umeme na gesi, kipi kitaisha kwanza? Atakujibu kabla hujafunga mdomo, na hahitaji pembetatu.

Siku moja nikakaa mezani nisikilize swali moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Lilikuwa lile la chokaa. Gramu 25 za kalsiamu kaboneti zinachomwa, je, tutapata gramu ngapi za kalsiamu oksaidi? Kidole kikaenda kwenye pembetatu. Kaboneti uzito wa moli 100, kwa hiyo robo moli. Mlinganyo unasema moja kwa moja. Oksaidi 56, robo yake 14. "Gramu 14," akasema, akapiga mstari chini yake mara mbili kwa rula.

"Uliweka 25, umepata 14. Kumi na moja ziko wapi?"

"Zimeondoka."

"Zimeondoka kwenda wapi?"

"Hewani, Baba. Ni hewa ya ukaa. Kwani swali limeuliza?"

Halikuuliza. Swali haliulizi kitu ambacho mchoma chokaa yeyote wa Unguja au Tanga angekuuliza kwanza, maana yeye ndiye aliyelipia mkokoteni. Watu wa Mwambao wamechoma mawe ya matumbawe karne na karne, majumba ya Mji Mkongwe yamesimama kwa chokaa hiyo. Unapandisha kilo 100 za jiwe safi kwenye tanuu, unashusha kilo 56, na kilo 44 zimekwenda na upepo pamoja na moshi wa kuni zako. Mtu akiyajua hayo ndipo atajua auze debe kwa bei gani. Binti yangu ana jibu sahihi, maksi zote, na hajui kwamba katika swali lile zaidi ya theluthi moja ya mali imetoroka mbele ya macho yake.

Ukitaka kuona kutoroka kwa mali kulikohalalishwa, nenda kwenye maswali ya asilimia. Kwa hesabu ilitakiwa itoke gramu 50, imetoka 40, tafuta asilimia ya mazao. Mtoto anaandika asilimia 80, anapata tiki, anafungua ukurasa mwingine. Hakuna anayeuliza zile kumi kazila nani. Nimefanya kazi na kamati za ujenzi, naijua harufu ya swali hilo.

Hapo nikasema liwalo na liwe, leo tutafanya hesabu ya humu ndani. "Mwache huyo wa marumaru na asidi yake," nikamwambia. "Chukua mtungi wetu wa gesi. Kilo sita. Tukiumaliza wote, inatoka hewa ya ukaa kiasi gani?"

"Gesi gani sasa, propani au butani?"

"Ya kupikia."

"Zinachanganywa, Baba." Akafikiri. "Tufanye zote propani. Ukifanya butani inakuja karibu hapo hapo."

Nikaona hapa kidole kimelala na kichwa kimeamka. Akaandika mlinganyo: moli moja ya propani inataka moli tano za oksijeni, inatoa moli tatu za hewa ya ukaa na nne za maji. Propani uzito wa moli 44. Gramu 6,000 gawanya kwa 44, moli 136. Mara tatu, 409. Hewa ya ukaa nayo ni 44. Akazidisha, akaangalia, akarudia, akaniangalia.

"Kilo kumi na nane."

Sauti ikatoka jikoni. "Kilo ngapi?"

"Kumi na nane, Mama."

Mama watoto akatokea na mwiko mkononi. "Tumelipia kilo sita. Nimeubeba mwenyewe ule mtungi, ni kilo sita na chuma chake. Kumi na mbili zimetoka wapi?"

Nawaomba watunga mitihani mlinukuu swali hilo kama lilivyo. Hakuna kitabu hapa mezani kilichowahi kuliuliza vizuri namna hiyo. Binti akaeleza, na kwa mara ya kwanza tangu moli iingie kwetu alieleza kwa mikono yote miwili: gesi haiungui peke yake, inaita oksijeni kutoka hewani, na inaita nyingi, karibu kilo 22 kwa mtungi ule mmoja. Sita na 22 ni 28. Zinatoka kilo 18 za hewa ya ukaa, na zilizobaki, karibu kumi, ni maji. Nusu ndoo ya maji, imepaa kwa mvuke na kwenda kutoa jasho kwenye kuta za jiko. Mizani imekaa.

"Kwa hiyo kubwa kuliko yote ni hiyo oksijeni," akasema mama watoto, "na hiyo hatulipii."

Nikamwomba apunguze sauti. Watu wa kodi wana masikio.

Lakini binti alikuwa ameshapamba moto. Hewa, akasema, si oksijeni yote. Oksijeni ni kama sehemu moja ya tano. Kwa joto la huku, kilo 22 za oksijeni zinataka hewa ya mita za ujazo zipatazo 80. Akatoka na rula yake ya sentimita 30 kwenda kupima jiko, safari iliyochukua muda. Mita tatu kwa tatu kwa tatu, ishirini na saba. Mtungi mmoja unaimeza hewa yote ya jiko letu, sakafu mpaka dari, mara tatu.

Sasa, jiko letu lina dirisha moja, na dirisha hilo limefungwa tangu paka wa jirani alipoonja samaki wetu. Moto wetu ni wa njano. Matundu ya jiko yameziba kwa uji uliofurika. Sufuria zetu zina masizi ambayo mama watoto anayasugua kila siku kwa majivu huku akimtaja muuza gesi kwa majina. Binti akapitisha kidole kwenye tako la sufuria, akatuonyesha. "Hii ni kaboni, Mama. Imekosa mwenzake." Mtungi umejaa, gesi ipo ya kutosha, kinachoisha kwanza ni oksijeni, na kaboni isiyopata mshirika inajibandika kwenye sufuria. Hasara ile ni gesi tuliyoilipia, inakwenda na maji ya kuoshea vyombo.

Masizi ndiyo bahati njema, maana yanaonekana. Kaboni nyingine inapata oksijeni moja badala ya mbili, inakuwa monoksaidi, haina rangi, haina harufu. Watu wa Njombe na Makete wakibanwa na baridi huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango, na tumezisikia habari za nyumba ambazo asubuhi hakuamka mtu. Hilo nalo ni swali la moli: mkaa mwingi, chumba kimoja, kipi kinaisha kwanza? Nimepekua lundo la pepa lililopo hapa mezani, marumaru zimo, sikuliona. Samahani, safu hii ni ya kucheka. Lakini fungueni madirisha.

Mimi nililifungua la kwetu usiku ule ule. Asubuhi nikakuta limefungwa. Nikalifungua, nikaeleza habari za moli tano kwa moja. Nikarudi kazini limefungwa, na mama watoto anasema moli hazijawahi kumwibia kibua. Binti, mwanasheria wetu mtarajiwa, akapendekeza wavu: hewa inapita, paka hapiti. Pande zote mbili zikaridhia.

Fundi akaja, akalipima dirisha, mita moja kwa mita moja, akaandika kwenye kiganja, akasema nikanunue wavu mita tatu.

"Dirisha ni mita moja," nikamwambia. "Mbili za nini?"

"Za ziada, bosi."

Nimempa hela ya mita moja na nusu. Hajarudi bado, na maharage tumeyahamishia nje, kwenye mkaa.